Nilikigawa Kihamba Kabla ya Kupimwa

Gaudensia mwanangu,

Umeshuka Mabogini kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hatakuachilia mpaka ule wali wake na akufungie mwingine wa kupeleka Njombe, kana kwamba Njombe hakuna mchele. Nimepata nyumba peke yangu. Nimekaa kwenye meza ya jikoni kwa sababu hapa ndipo mwanga wa jioni unakaa zaidi, na nikikawia sana macho yatanikatalia.

Sikuandikii habari za kuangalia mzigo wako kwenye basi, wala koti la baridi. Umezaliwa kwenye baridi. Tangu mama yako atutoke, wewe ndiye unayeniambia mimi nivae sweta. Nikianza kukupa maelekezo ya maisha ya kila siku utacheka, na utakuwa na haki.

Nakuandikia yale mengine. Mengi unayajua, ulikuwepo. Lakini kuna mambo hukuyaona, na kuna namna watu wa huku wanavyoyasimulia ambayo sitaki uondoke nayo masikioni. Wanasema mzee wenu ni mtu wa amani, ameweza kuishikilia familia. Nimeambiwa hivyo hata kanisani. Kila wakiniambia, nashukuru, nakuona wewe umesimama pembeni na uso wako ule usiosema kitu.

Siku ile ya kwenda kliniki ya Kiboriloni hukuwa nami. Ulikuwa juu kwenye maparachichi yako, na mimi nikamwomba baba yako mdogo Severini anishushe kwa gari lake. Maumivu ya chini ya mbavu yalikuwa yamenisumbua tangu Krismasi. Kwenye ile kliniki alikuwepo kijana mmoja mpole. Akanilaza, akanipaka ile dawa ya ubaridi tumboni, akazungusha kifaa chake huku akitazama kioo. Kisha akasema, na maneno yake nayakumbuka yote kwa sababu baadaye nilikuwa na nafasi nyingi ya kuyakumbuka: "Mzee, kuna uvimbe kwenye ini. Kwa mashine hii siwezi kukuambia ni uvimbe wa aina gani. Nenda hospitali kubwa, wana kipimo cha kuangalia kama ni mgumu au laini, na watakufanyia na vingine. Usikae nyumbani."

Aliniambia kuna uvimbe. Aliniambia hajui ni wa nini. Aliniambia niende mbele. Kijana yule hakukosea hata neno moja. Mimi na Severini tulitoka pale tumebeba neno la kwanza tu, yale mengine tukayaacha kitandani.

Ndani ya gari Severini akalia. Usije ukadhani baba yako mdogo aliigiza. Alilia kweli, mpaka akasimamisha gari kando ya soko na wauza ndizi wakaanza kutuchungulia. "Ini, kaka," akasema. "Ini halina mchezo. Umesahau Kalisti?"

Sijamsahau Kalisti. Wewe ulikuwa shule ya bweni alipougua, hukumwona. Jirani yangu, rafiki yangu, tuliyechimba naye mfereji tangu tukiwa vijana. Mkewe akichoka, mimi ndiye niliyekuwa nikienda kumgeuza kitandani. Tumbo lilivimba, mikono ikabaki mifupa, macho yakawa ya njano. Mwishoni alikuwa ananiomba mimi, si Mungu, nimfanyie kitu. Sikuwa na cha kumfanyia. Kwa hiyo Severini alipotaja jina lile, sikuhitaji daktari. Nilijiona tayari nimelala pale alipolala Kalisti.

Kabla hatujafika nyumbani alikuwa ameshampigia kaka yako Deo huko Dar es Salaam, na jioni ile kwenye grupu la ukoo ikasomwa kwamba tumwombee mzee wetu, madaktari wamemkatia tamaa. Hakuna daktari aliyenikatia tamaa, Gaudensia. Nilijikatia mwenyewe, nikatafuta wa kunisaidia, nikampata upesi.

Kuna jambo nilitaka kuliruka. Zile wiki watu walizokuwa wanakuja kuniona, sehemu yangu moja ilikuwa inafurahi. Miaka yote mimi ni mwenyekiti wa mfereji, mtu wa kugombana na watu juu ya zamu za maji, anayeamkiwa kwa haraka na kupitwa. Ghafla watu wanavua kofia mlangoni. Wananiletea mtori wa ndizi. Waliokuwa wameninunia wananishika mkono kwa mikono miwili. Ukiwa unakufa kila neno lako linakuwa zito, na mimi nilinogewa na uzito huo. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa unaingia na kutoka umekunja uso, unauliza, "Baba, tunakwenda lini hospitali?" Ulinikera. Nakuambia kweli. Ulikuwa unanivurugia kifo changu.

Kisha kile kikao. Deo alikuja na mkewe na kreti za soda, pombe ya mbege ikapikwa, wazee wa ukoo wakakaa pale uani. Ulikuwa unazungusha vikombe. Nikasimama nikasema kihamba chote, shamba letu la urithi, nampa Deo, tangu mgomba wa chini kabisa mpaka kipande cha juu, isipokuwa ule ukanda wa mpakani ambao Severini ameuomba kwa ajili ya kupitisha njia. Nikasema Deo atamwangalia dada yake.

Kile kipande cha juu kilikuwa kichaka nilipokuachia. Kahawa ilikufa pale, nikaacha magugu yakae. Wewe ndiye uliyeng'oa, ukachimba mashimo, ukabeba samadi kwa kichwa kwa sababu toroli halipandi, ukaunganisha miche kwa mikono yako mpaka wenzako wa kijiji wakaanza kuja kujifunza. Miti ilikuwa imetoa maua kwa mara ya kwanza wiki zile zile. Nilikuwa najua. Nilikuwa nayaona maua kutoka dirishani kwangu nikiwa nimelala nakufa.

Ukaweka sinia chini. Hukupaza sauti. Ukasema, "Baba, naomba twende tukapime kwanza. Ukishapimwa, ugawe unavyotaka."

Nikakujibu mbele ya watu wote. Sitaandika kwa kifupi, nitaandika kama nilivyosema: "Wewe ni mtoto wa kike. Utaolewa uende kwa watu. Mambo ya kihamba hayakuhusu, okota vikombe."

Ukaviokota. Kimoja kimoja, ukavipanga kwenye sinia, ukaenda kuviosha. Mzee mmoja akasema nimelea vizuri.

Deo hakuchelewa. Alinipeleka kwa mtendaji wa kijiji nikiwa nimejifunga blanketi, nikatia sahihi. Nilikuwa na akili zangu timamu. Hilo ndilo walilonijibu baadaye Deo na mtendaji, na ni kweli.

Baada ya pale nikaacha kula. Siyo kwamba sikuweza, niliona mtu anayekufa hapaswi kuwa na njaa. Nikakonda kweli, na kila nilivyokonda watu wakasema mnaona. Mpaka asubuhi ile ulipoingia chumbani kwangu umevaa nguo za kutoka, umeshika viatu vyangu. Nikakuambia niache nife kwenye kitanda changu. Ukapiga magoti, ukaanza kunivisha soksi kama mtoto.

"Sawa Baba," ukasema. "Kama unakufa, ufe umepimwa."

Nilitaka kukukemea nikashindwa, maana hakuna mtu aliyekuwa ameniongelesha hivyo tangu Kiboriloni. Wote walikuwa wananiongelesha kama marehemu.

Yule daktari wa hospitali kubwa unamkumbuka, dada mdogo kuliko wewe kwa kumtazama, anatuambia shikamoo huku tayari anaangalia karatasi. Ulibaki nje wakati wa kipimo, kwa hiyo hiki hukukiona. Akanilaza, mkono wa kulia nyuma ya kichwa. Nikamwambia kipimo hiki nimeshafanyiwa, wasinisumbue mara mbili. Akasema, "Hapana Mzee. Kile kilituonyesha kwamba kitu kipo. Hiki kinaangalia ugumu wake." Kila mara alikuwa ananiambia nibane pumzi, nitulie, kisha niachie. Kwenye kioo kile cha kijivu akafungua kisanduku cha rangi, kama dirisha dogo.

Nikamuuliza inajuaje kitu ni kigumu na hainigusi ndani.

"Nyumbani mna maparachichi?" akaniuliza.

Nikasema yapo. Nilishindwa kusema ni ya nani.

"Unajuaje limeiva?"

"Nabonyeza."

"Basi na mimi nabonyeza. Mashine inalisukuma ini kwa mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii. Ini linatetemeka kidogo tu, na mashine inapima ule mtetemo unakwenda kwa kasi gani. Kwenye kitu kigumu unakimbia. Kwenye kitu laini unakwenda taratibu. Ini lenye makovu huwa gumu, na saratani nyingi za ini huwa ngumu kuliko ini lililozizunguka."

Nikamwambia sasa aniambie, nimeshajiandaa, nimeshagawa kila kitu.

Alinigeukia akanitazama, nadhani hilo neno lilimshangaza. Kisha akanionyesha kwa kidole. Rangi ilikuwa ya buluu, ini na uvimbe wenyewe. "Kwa mashine yetu hii, buluu ni laini. Ini lako ni laini, halina makovu. Na huu uvimbe nao ni laini. Hiyo ni dalili nzuri. Lakini Mzee, sikuambii ni mzima kwa rangi peke yake. Kuna vigumu ambavyo si saratani, na kuna laini vinavyodanganya. Tutachukua damu, na utapita kwenye mashine kubwa ya picha kwa dawa ya mshipani. Tukiviweka pamoja ndipo nitasema."

Alitaka kuviweka pamoja ndipo aseme. Binti mdogo yule hakutaka kusema neno la heri kabla hajawa na hakika, na mimi nilikuwa nimeshasema neno la shari kwa ukoo mzima kwa kusikia nusu.

Siku ya majibu tulikuwa wote wawili. Kifundo cha mishipa ya damu, akasema, labda ninacho tangu ujanani, hakina haja ya kukatwa, nirudi baada ya miezi kadhaa kuangaliwa. Maumivu yalikuwa ya vidonda vya tumbo, akaandika dawa. Ukauliza maswali yako yote, ukamshukuru, na tulipofika nje kwenye ukuta wa hospitali ukakaa chini kwenye nyasi ukalia mpaka mtu akatuletea maji. Hukulia nilipokuwa nakufa.

Nikampigia Deo palepale. Nilitaka asikie kutoka kwangu. Nikasema, "Mwanangu, si saratani. Nimepimwa. Nitaishi." Ulikuwa umenisogelea lakini sikuweka sauti kubwa, kwa hiyo hukusikia alivyojibu. Uliniuliza amesemaje, nikakuambia anamshukuru Mungu. Nilidanganya. Nilisikia honi za magari ya huko kwao. Kisha akasema, "Sasa Baba, itakuwaje?"

Hakuuliza kwa ubaya, nadhani. Aliuliza kama mtu aliyekwishapanga safari akaambiwa gari limeharibika. Alikuwa ameshapokea pesa za kuanzia kwa kile kipande cha juu, kutoka kwa mtu wa mjini anayetaka nyumba ya mapumziko ya kuutazama mlima. Mimi nilikuwa naishi, na kuishi kwangu kulikuwa kunampa hasara.

Yaliyofuata uliyaona kwa macho yako. Vijana wa msumeno walikuja siku ya kazi, wewe ukiwa shambani. Wale hawakuwa na kosa, walikuwa wanaulizana kwa nini miti yenye matunda ikatwe. Uliwaomba waache uchume kwanza. Wakakuachia saa za kutosha kuchuma matunda machanga ambayo hayafai kwa kitu chochote, na wewe ukayachuma. Niliwatazama nikiwa nimesimama kwenye mfereji. Ninajua kusimamisha watu kwenye mfereji. Nimewahi kuwasimamisha wanaume wenye mapanga juu ya maji. Siku ile sikusimamisha mtu.

Na hapa ndipo ninapotaka kufika, maana lile la kikao watu wamenisamehe, na nadhani hata wewe. Mtu mwenye hofu ya kifo hufanya ya ajabu. Kosa langu kubwa nililifanya nikiwa mzima, nimekula, nimelala, nina majibu ya daktari mfukoni.

Ulikuja ukaniambia twende baraza la ardhi. Ulikuwa umeuliza, ukaambiwa tuna nafasi kama mimi mwenyewe nitasimama niseme nilitoa nikidhani nakufa, na kwamba kazi ya pale juu ilikuwa yako. Ulihitaji mdomo wangu tu. Nikakuambia sitampeleka mtoto wangu barazani. Nikakuambia watu watatucheka, tuwe na amani. Ukaniuliza, "Amani ya nani, Baba?"

Nikatoka nikaenda mferejini. Sikuwa na zamu.

Nimelifikiria swali lako kuliko nilivyowahi kufikiria swali la mtu yeyote. Nilipokuwa nasema amani nilikuwa namaanisha kwamba Deo ana uwezo wa kunikasirikia na wewe huna. Deo akikasirika hatakuja Krismasi, hatajaza ua kwa magari, watu watauliza. Wewe ukikasirika utapika chai vilevile. Niliegemea upande ambao usingenidondosha. Nimegawa maji maisha yangu yote, na kila mara nimejivuna kwamba simpi mwenye kelele zaidi ya mnyonge. Nyumbani kwangu nilimpa mwenye kelele.

Severini alipitisha njia yake. Gari lake sasa linapita karibu na kaburi la mama yako, na akipita anapunguza mwendo, kwa heshima. Yule wa mjini amejenga ukuta. Hata nikienda barazani leo, miti haiko. Nilikwenda, ukitaka kujua. Mwezi uliopita, kimya kimya, nilipokuambia nakwenda kununua dawa ya kahawa. Mzee mmoja pale akanisikiliza vizuri sana, akaniuliza kwa nini sikuja wakati ule. Akaniambia nitafute wakili kama nina nguvu, lakini akanitazama kama tunavyomtazama mtu anayekuja kuomba zamu maji yakiwa yameshafungwa.

Kwa hiyo unakwenda Njombe kuunganisha miche ya watu, kwenye shamba la watu, na watakuita fundi, na watakuwa na bahati. Watu wa hapa wanasema Gaudensia ameamua kutafuta maisha. Mimi najua hukuamua. Nilikufukuza kwa sahihi moja na kwa kunyamaza mara moja.

Nitakuambia machache, usiyachukue kama mahubiri, yachukue kama mtu anayekuonyesha mahali alipoangukia. Ukiogopa, usigawe kitu siku hiyo. Kaa na hofu yako kwanza, iulize imeambiwa nini hasa na nani. Atakayekulilia sana usimchukie, lakini usimwachie usukani. Na anayekukera kwa kukuuliza swali moja kila siku, mtazame vizuri, inawezekana ndiye pekee anayetaka uishi. Nilikuwa naye ndani ya nyumba yangu, anafua nguo zangu, nikamwambia aokote vikombe.

Na siku mtu atakapokuomba unyamaze kwa ajili ya amani, mwulize lile swali lako. Lilikuwa swali zuri. Halikujibiwa tu.

Sikuombi unisamehe. Ukinisamehe sasa utafanya kwa sababu unaondoka na mimi ni mzee, na itakuwa tena wewe unayebeba. Ubaki na hasira yako mpaka iishe yenyewe, kama itaisha. Desemba watu wa mijini watapanda mlimani kwa Krismasi na wataniuliza uko wapi. Usije kwa ajili ya kunifunikia aibu. Nitawajibu mwenyewe, kwa maneno haya haya niliyoyaandika hapa, na waache kusema mimi ni mtu wa amani.

Nasikia mbwa, nadhani unapandisha. Nimalizie.

Deo ametoka Dar es Salaam, yuko hapa mjini kwetu tangu jana. Alipiga simu mchana akasema kesho alfajiri atakuja na gari akupeleke stendi, ili mwachane vizuri, na akasema itapendeza watu wakiona. Nimemwambia asije. Akauliza kwa nini, nikamwambia dada yako hakukuomba gari, alikuomba shamba. Alikata simu. Sijui kama atanipigia tena. Tangu azaliwe sijawahi kumnyima neno.

Tutashuka kwa miguu mpaka barabarani, mimi na wewe. Lile begi kubwa nitalibeba mimi, na ukitaka tupokezane, sitakubali.

Baba yako.